Karafani Uani kwa Hirsi

Arbia binti Yarow hakuwa mtu wa kupokea kitu kabla hajakigeuza upande wa pili. Ukimpa maziwa, atayanusa. Ukimpa habari, atakuuliza umeipata kwa nani, na huyo naye kaipata kwa nani. Kwao Eldas walimtania kwamba hata mvua ikinyesha yeye hutoa mkono nje kwanza aone kama kweli ni maji. Hakukasirika. Aliwajibu kwamba waliopoteza ngamia ni wale walioamini maneno ya watu, na kwamba shaka haijawahi kumlia mtu mifugo.

Vita ilikula mifugo yake hata hivyo. Mwaka wa pili wa mapigano, risasi zililia karibu na kisima walichokuwa wakinyweshea, ngamia wakatawanyika, na mumewe Jama akafuata nyayo zao kuelekea Buna. Hakurudi. Wengine walisema ameingia msituni na kushika bunduki, wengine walisema amekufa kwa kiu. Arbia hakuwaamini hao wala hao. Baadaye serikali ikatoa amri kwamba watu wote wakae katika vijiji vilivyozungushiwa ua wa miiba na kulindwa, na atakayeonekana nje atahesabiwa kuwa shifta, mwasi wa msituni. Lori likaja. Arbia aliomba apewe nafasi abomoe nyumba yake aipakie, maana kwa watu wa ngamia nyumba ni mali ya mwanamke: yeye ndiye hukunja fito kwa moto na maji, yeye husuka mikeka mizito ya herio inayofunika, na hata akiachwa na mume huondoka nayo, na hakuna mwanamume atakayethubutu kumzuia mbele za watu. Askari aliyewasha kiberiti hakuwa na chuki usoni. Alikuwa na haraka tu. Nyumba iliungua kabla injini ya lori haijawashwa.

Mama mkwe wake, Muslimo, aliugua kifua huko kijijini, wakaruhusiwa kuja hospitali ya Garissa. Bibi kizee alipopata nafuu, hawakuwa na pa kurudi. Ndipo akajitokeza Hirsi.

Hirsi alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa ndevu zilizopakwa hina na kikoi safi, mwenye boma kubwa pembeni mwa mji. Alihesabiwa kuwa jamaa ya Jama kwa babu wa tano au wa sita, na Arbia hakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Aliwakuta wameketi kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali, akawasalimu kwa adabu zote, akamwuliza Muslimo habari za kifua chake, kisha akasema kwamba uani kwake ipo karafani, na kama wataiweza, wakae.

Karafani ndivyo watu wa pale walivyoliita trela lile lenye chumba ndani. Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta mahali pa kuchimba visima alilivuta kwa Landrova miaka mingi, kutoka Garissa hadi Wajir, hadi Eldas na Buna, akalala humo na kula humo. Uhuru ulipokuja aliuza vyombo vyake, na karafani ikamwangukia Hirsi.

"Adeer," Arbia alimwambia, kwa kuwa alikuwa na umri wa baba yake mdogo, "unataka nini kwetu?"

"Dua tu," alisema Hirsi. "Dua ya mama huyu mzee yanitosha."

Muslimo akaanza kumwombea papo hapo. Arbia hakuitikia amina. Mchuuzi wa ng'ombe anayetaka dua tu: jambo hilo alilitafuna njia nzima hadi uani.

Karafani yenyewe ilikuwa imelala upande mmoja kama ngamia mgonjwa. Tairi hazikuwapo. Bati la aluminiamu la nje lilikuwa limebonyea, rangi ya maziwa imebambuka, na mbuzi wa Hirsi walikuwa wameifanya zizi lao. Ndani, sakafu ya plaiwudi ilikuwa imeoza kwa mikojo yao, mchwa wamepanda ndani ya mbavu za mbao hadi juu, na kupitia mishono ya paa jua liliingia kwa vijistari. Vitanda viwili vya kukunja vilikuwa bado vimeshikwa ukutani, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kulikuwa na kikabati ambacho mlango wake ulifunguka wenyewe kila ulipofungwa. Muslimo aliketi nje juu ya ngozi akasema ni afadhali arudi akafie hospitalini.

Lakini Arbia alisimama mlangoni akaitazama kwa muda. Chini ya uchafu wote ule aliona kitu alichokijua. Mbavu zilizokunjwa, ngozi ya juu, vyombo vinavyofungwa ili visianguke njiani. Ni nyumba ya kuhama, tofauti ni kwamba aliyeijenga hakuwa na ngamia. Akafunga shuka kiunoni, akaanza kutoa mavi ya mbuzi.

Alipomaliza kusugua kwa majivu na maji, alifukiza uvumba mpaka nge wakatoka kwenye nyufa, akawaua kwa kiatu mmoja mmoja. Siku iliyofuata Hirsi akamleta fundi.

Fundi huyo aliitwa Korane. Alikuwa mhunzi, mtu mwembamba wa maneno machache, mwenye makovu ya cheche mikononi hadi kwenye viwiko. Alitoka katika ukoo wa wahunzi, na wenye ngamia hawakuozana nao wala hawakupenda kula nao sahani moja, ingawa kila shoka na kila kisu walichokitumia kilitoka kwao. Muslimo alipomwona alivuta ngozi yake ikasogea mbali. Korane alijifanya hakuona. Aliweka chini mfuko wake wa zana, akaizunguka karafani mara moja, akalala chali akaingia chini yake.

Arbia alingoja. Mvua zilikuwa karibu, na alichokihitaji ni paa. Alipoona mhunzi hatoki, aliinama akamwuliza anafanya nini huko.

Korane alijibu kwamba springi moja imekatika na ekseli imekamatwa na kutu. Arbia akasema yeye hana safari. Mhunzi akatoa kichwa, akafuta vumbi machoni, akamwita ndugu kwa lugha yao, akasema, "Bodi ikilala upande, bati la juu linafunguka mishono. Paa linaanzia chini, walaal."

Lilikuwa jibu zuri. Kwa Arbia lilikuwa zuri mno, kama jibu la mtu aliyelitayarisha tangu nyumbani.

Hata hivyo walifanya kazi. Korane aliiinua karafani juu ya magogo, akaitoa springi, akaifua upya katika tanuri lake nyuma ya soko. Arbia naye aliingia katika mbavu. Aliomba ruhusa kwa walinzi wa geti la mji pamoja na wanawake waendao kuni, akaleta fito mbichi, akazipitisha motoni, akazimwagia maji, akazikunja taratibu na kuzilaza chini ya mawe mpaka zikashika umbo. Moja baada ya nyingine alizivisha ndani ya bati, akizifunga kwa kamba za magome, na kila ubavu ulioliwa na mchwa aliutoa na kuutupa motoni; sakafu iliyooza waliibomoa, Korane akakata mbao mpya, naye akazilaza. Pale ambapo Korane angepiga ribiti, yeye alifunga fundo. Mishono ya paa aliiziba kwa utomvu alioukaanga na mafuta ya kondoo, vilevile wanawake wanavyoziba vibuyu vya maziwa visivuje. Kisha jioni zote alisuka. Wanawake wa jirani walikuja kuazima chumvi na kukaa, mmoja akimshikia uzi, mwingine akimwuliza kwa upole mume wake yuko wapi siku hizi.

Nao walikuwa na mashaka yao. Mjini kulikuwa na familia zilizolala chini ya magunia, na huyu mgeni kutoka Eldas kapewa nyumba ya Mzungu. Kapewa kwa lipi? Kuna aliyesema Hirsi anataka kumwoa. Kuna aliyesema anaipelekea ofisi ya serikali habari za watu. Maneno hayo yalimfikia kwa njia ambayo maneno kama hayo hufika, yakiwa yamefunikwa kwa salamu, na Arbia akaacha kuzungumza mbele ya wanawake wale isipokuwa mambo ya uzi na chumvi.

Muslimo alikuwa na shaka nyingine. Kila Korane alipokuja, bibi kizee alihamisha ngozi yake akaketi palepale mlangoni, akivuta tasbihi, na ilimbidi mhunzi aombe njia kila alipotoka na kila alipoingia. Siku moja alimwambia mkwewe kwamba mwanamke ambaye mumewe hajulikani kama yu hai ni kama mtu aliyebeba maji kwenye kiganja. Arbia alimwelewa. Alimjibu kwamba akitaka kumwangalia sana afumbue macho yote mawili, kwa sababu yeye mwenyewe humwangalia mhunzi yule kuliko mtu yeyote.

Alisema kweli. Alimwangalia. Aliona kwamba Korane huisogeza mikono yake juu ya bati akilisikiliza kama mtu anayepapasa tumbo la ngamia mwenye mimba. Aliona kwamba kila anapotajwa Hirsi, macho yake huenda chini. Na asubuhi moja aliona, nyuma ya rundo la kuni, tairi mbili za Landrova zimefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe.

Alirudisha ngozi mahali pake, akaingia ndani, akaketi juu ya kitanda cha nyuma. Siku zile tairi ilikuwa kitu cha kuuliziwa. Barabara ya Wajir ilikuwa na mabomu ya kufukiwa, magari yalikwenda kwa msafara na askari mbele na nyuma, na mtu hakuweza kusogeza hata mkokoteni bila karatasi ya ruhusa. Nani huficha tairi? Akaanza kuunganisha. Springi kabla ya paa. Tairi chini ya ngozi. Wanawake wawili, mmoja mkongwe na mgonjwa, ndani ya nyumba inayovutwa; askari gani atawapekua sana? Hirsi na mhunzi wanaweza kufukia kitu chini ya sakafu na kukipitisha mpaka Buna, na kikigunduliwa, aliyekalia risasi ni yeye na mama mkwe wake.

Wakati bado anafikiri, kabla jua halijawa kali, koplo akaja na askari wawili.

Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye sauti ya uchovu. Aliigonga sakafu kwa kitako cha bunduki, mbele, kati, nyuma, akisikiliza. Aliinua vitanda. Alitazama fito za Arbia na mikeka yake bila kuelewa anatazama nini. Halafu akashuka, akapiga teke gogo lililoinua ekseli.

"Mama, hii gari inakwenda wapi?"

Kiswahili cha Arbia kilikuwa cha sokoni. "Habana kwenda, afande. Hii nyumba."

"Nyumba haina ekseli."

Ndilo jambo Arbia aliloketi akijiuliza asubuhi ile.

"Mzee wako yuko wapi?"

"Lienda tafuta ngamia."

"Wote walienda kutafuta ngamia," alisema koplo. Hakusema kwa ukali. Alimwambia tu kwamba siku karafani hiyo itakaposogea bila ruhusa, atalala korokoroni, na akaondoka na watu wake. Tairi hawakuziona. Au waliziona, Arbia aliwaza, wakaambiwa waziache.

Kilichomkaa rohoni ni hiki: koplo hakuingia boma jingine. Alitoka kambi ya askari akaja moja kwa moja kwake na kuigonga sakafu. Mtu alikuwa amemwambia. Na watu waliojua kwamba sakafu ile imebomolewa na kujengwa upya walikuwa wawili nje ya yeye na Muslimo: Korane aliyekata mbao, na Hirsi mwenye uga.

Mtu mwingine angelia, au angefunga virago. Arbia alifanya kile ambacho baba yake alifanya zamani maziwa yalipokuwa yakipungua na haijulikani mchungaji yupi anakama kwa siri. Alimngoja Korane aje, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechoka kubeba siri peke yake, kwamba amekuja na mkufu wa kaharabu wa marehemu mama yake, naye ameufunga ndani ya mikeka ya dari, upande wa mlango. Korane aliitikia kwa kichwa, akamshauri asimwambie mtu, akaendelea kupaka mafuta ya ngamia kwenye beringi. Baadaye Hirsi alipopita kuangalia kazi, Arbia alimwambia kwamba Jama alimwachia kifurushi, hajui kina nini, naye amekificha chini ya kitanda cha nyuma. Akamwomba amshauri afanye nini nacho. Hirsi alishika ndevu. Alisema kifurushi cha mume ni amana, akiache palepale, asikiguse.

Mkufu wenyewe haukuwapo. Uliuzwa zamani kwa mtama. Kifurushi alikitengeneza kwa kitambaa na mawe ya chumvi.

Koplo hakukawia. Alirudi mchana wa Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini. Safari hii hakugonga sakafu. Alipita mbele ya mlango, hakuinua macho hata kidogo kuitazama dari, akaenda nyuma, akainua kitanda, akatoa kifurushi, akakifungua kwa ncha ya kisu. Chumvi ikamwagika sakafuni. Aliiangalia. Akaonja kidogo kwa ulimi.

"Chumvi," alisema.

"Ya mbuzi, afande," alisema Arbia.

Koplo alikifuta kisu kwenye suruali yake, na Arbia akaona kwamba naye amefahamu kuwa kuna mtu amewachezea wote. Kisha akatoka. Hakurudi tena uani pale.

Muslimo hakujua lolote kuhusu mtego huo, akadhani mkwewe ameugua kwa hofu, kwa jinsi alivyoketi sakafuni akikusanya chumvi na kutabasamu. Lakini furaha ile ilikuwa fupi. Kumjua msaliti si sawa na kujua anataka nini. Kama Hirsi alitaka kupitisha risasi, kwa nini awaite askari? Mtu hamwiti fisi kwenye zizi lake mwenyewe.

Korane alipokuja keshoye, Arbia alizitoa zile tairi kutoka nyuma ya kuni, akaziangusha mbele yake.

"Niambie za nini," alisema. "Na usiniambie paa linaanzia chini."

Mhunzi alikaa juu ya mfuko wake wa zana. Muslimo, mlangoni, aliacha kuvuta tasbihi. Korane alisema, kwa maneno machache na kwa kusitasita, kwamba alidhani Arbia anajua. Kulikuwa na kontrakta kutoka ng'ambo ya daraja, kutoka Kenya, kama watu wa huku walivyozoea kuita upande ule, aliyepata kazi ya kutengeneza barabara ya kwenda Wajir. Kontrakta huyo alitaka nyumba ya kulala njiani. Hirsi alimwahidi karafani ikiwa mpya kama ilivyotoka kwa Mzungu, naye kontrakta akaahidi kwamba malori yake, yanayorudi matupu chini ya ulinzi, yatavusha ng'ombe wa Hirsi bila kusubiri ruhusa ya kila mmoja. Korane aliahidiwa mahali pazuri pa tanuri, karibu na lango la soko. Kazi ya ndani ingefanywa na mwanamke jamaa, bure.

"Na sisi?"

"Sikuuliza."

"Ulidhani, na hukuuliza."

"Mhunzi akiuliza, walaal, huambiwa aende zake." Alisema hivyo akimwangalia Muslimo, si Arbia, na kwa mara ya kwanza bibi kizee ndiye aliyeondoa macho.

Basi ikawa wazi. Hirsi hakutaka kuwafunga. Alitaka tu kambi iwe na shaka nao, ili siku ya kuwatoa ikifika, atamke neno moja kuhusu mke wa shifta, na asiwepo wa kuwatetea. Na huku akipata sifa ofisini kwamba ni mtu wa kuleta habari. Arbia alilizungusha jambo lile kichwani kama anavyokagua kibuyu, akitafuta tundu, na hakuliona. Lilikuwa limesukwa vizuri. Alikiri hivyo kwa sauti.

Korane alijitolea kuiacha kazi. Arbia akakataa. Alimwambia afunge tairi, apige ribiti zilizobaki, bati ling'ae. Yeye naye alirudi kwenye mikeka. Alifanya kazi wiki zile kuliko alivyowahi kufanya maishani. Alivisha kuta zote herio, akatandika sakafu kwa matabaka mawili, akasuka pazia la mlango lenye mistari myekundu. Mlango wa kikabati uliokataa kufungwa aliuondoa, akaweka wa ngozi. Hirsi alipochungulia, alisema mashallah, na alisema kwa moyo, kwa kuwa hata Mzungu mwenyewe hakuwahi kulala pazuri vile. Arbia alimwambia yote ni kwa baraka za adeer.

Kontrakta alikuja asubuhi na lori. Alikuwa mtu mnene wa suti ya kaki, mwenye kicheko cha haraka. Alionyeshwa karafani, akaingia, akalala kitandani na viatu, akatoka akisema ni hoteli. Hirsi akampeleka nyumbani kunywa chai na kula anjera, na kabla ya kuondoka alimwita Arbia pembeni. Alimweleza kwa huzuni kwamba watu wa kambi wamekuwa wakiuliza maswali mengi juu yake na Jama, kwamba amejitahidi kumlinda, na kwamba kwa usalama wake amemtafutia nafasi katika kijiji cha ua wa miiba kilicho ng'ambo ya pili ya mji, safu ya mwisho. Aondoke na vitu vyake kabla chai haijaisha.

"Vitu vyangu vyote?" aliuliza Arbia.

"Vyote, binti yangu. Sikuzuii hata uzi."

Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja kuona lori. Walisikia.

Mwanamke wa ngamia hujua kubomoa nyumba huku kundi likiwa limeshaanza kuondoka. Arbia alianza na paa la ndani. Alikata kamba za dari, mikeka ikashuka. Muslimo, aliyekuwa hana nguvu ya kubeba ndoo, alisimama akipokea na kukunja, akihesabu kwa jina kila mkeka kama zamani. Jirani mmoja akavua kanga ya begani akaingia kusaidia, kisha mwingine. Pengine kwa kuona haya kwa yale waliyoyasema, pengine kwa sababu mikono yao ilikuwa na miezi mingi bila kazi ile. Zikatoka herio za ukutani, zikatoka za sakafuni na mbao alizozilaza yeye. Likatoka pazia. Halafu zikaanza kutoka fito, moja moja, na kila fito ilipotoka bati lililia, likabonyea ndani kidogo. Utomvu wa paa ulipopasuka, mishono ikaachia.

Hirsi alitoka na kikombe mkononi. Alisimama. Alifungua kinywa, akaona wanawake tisa au kumi na wazee wawili waliokuwa wamesimama njiani, akakumbuka alichokisema mwenyewe dakika chache nyuma, na akajua kwamba mwanamume anayegombania fito za nyumba na mwanamke hatapata mtu wa kuswali naye safu moja. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba ukoo hautendani hivi.

"Ni kweli," Arbia alimjibu, akifunga mzigo. "Hautendani."

Kontrakta aliingia karafani mara ya pili. Ndani hamkuwa na kitu isipokuwa vitanda viwili na jua. Aliegemea ukuta, nao ukaenda naye. Aliposhuka kicheko kilikuwa kimekwisha. Alimwuliza Hirsi kama hii ndiyo nyumba aliyoonyeshwa, hakungoja jibu, akapanda lori lake. Ng'ombe wa Hirsi walibaki upande huu wa mto msimu ule mzima, wakikonda, wakisubiri ruhusa kama ng'ombe wa watu wengine.

Safu ya mwisho ya kijiji ilikuwa karibu na ua wa miiba, mahali penye vumbi la miguu ya walinzi. Arbia alisimamisha nyumba yake pale kabla ya adhuhuri. Ilikuwa na umbo la ajabu, ndefu na nyembamba, kwa sababu fito zilikuwa zimekunjwa kufuata bati, na watoto waliiita karafani mpaka ilipobomolewa. Haikuvuja. Korane hakupewa mahali karibu na lango la soko; alilihamishia tanuri lake kule safu ya mwisho, hatua chache kutoka kwao, na Muslimo akawa anampelekea visu vyake vya kunoa kwa mkono wake mwenyewe, ingawa chai yake alimpa kwenye kikombe cha peke yake hadi alipokufa bibi kizee huyo. Watu walisubiri kusikia kwamba Arbia na mhunzi wameoana. Walisubiri bure. Yeye alikuwa bado mke wa mtu, na suala la tairi hakulisahau. Alimsalimu kila siku, akampa kazi, na hakumwambia jambo lolote ambalo hakutaka lijulikane.

Vita ilipotulia, mwaka wa sitini na saba ukielekea mwisho, na ua wa miiba kuanza kuliwa na mbuzi bila mtu kuurudishia, alikuja mwanamume mmoja kutoka Buna akimwulizia mke wa Jama. Aliitwa Gelle. Alisema Jama hakushika bunduki. Aliwapata ngamia watatu, akawapoteza tena, akaajiriwa kuchunga ngamia wa watu karibu na Buna, na homa ikamwua mwaka uliopita. Yeye Gelle ni mmoja wa waliomzika.

Arbia hakulia. Alimkalisha, akampa maji, akaanza kumwuliza. Alilala upande gani? Alipokasirika alisemaje? Ngamia watatu hao, majike wangapi? Jino lipi la Jama halikuwapo? Gelle alijibu yote kwa subira, mengine akasema hajui. Arbia akamwuliza tena yale aliyosema hajui, kwa njia nyingine, naye akasema tena hajui. Muslimo alikuwa amejifunika uso kwa shuka tangu neno la kwanza.

Mwishowe Gelle akasema kwamba Jama, homa ilipopanda, alikuwa akiwakataza kumpa dawa ya mitishamba. Alisema wampelekee mke wake kwanza aionje.

Arbia aliinuka akaenda nje. Alikaa nyuma ya nyumba kwa muda ambao chai ilipoa na kutengenezwa nyingine. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na Muslimo akamwuliza kutoka ndani ya shuka kama amemwamini mtu huyu.

"Nimemwamini," alisema.

Akaomba kitambaa cheupe cha eda kwa majirani, akajifunga, na wanawake walewale waliobeba mikeka yake kutoka uani kwa Hirsi wakaja wakaketi naye.